Siafu, nyoka na makaburi ya wazee

Mwanangu,

Swali lako la Jumapili nimelala nalo siku tatu. Ulisema: kama mpaka wetu na Kenya waligawana Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886, na hata jina la Tanganyika alitupa Mwingereza mwaka 1920, inakuwaje washairi wanaliimba taifa kana kwamba lilikuwapo tangu enzi na enzi? Ungeweza kuongeza kwamba tuni ya wimbo wetu wa taifa ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897, na bado ikipigwa uwanjani mimi hunisisimka mwili.

Nianze na siafu. Marehemu Saadani Kandoro, mmoja wa wale 17 walioianzisha TANU, chama kilichopigania uhuru, Sabasaba ya 1954, alitunga shairi la siafu waliomkabili nyoka. Nyoka ana sumu na hasira, lakini siafu wamekazana. Ndiyo habari yote. Sasa jiulize anayelisikia anafanya nini. Anafumbua. Na akishafumbua nyoka ni nani, ameshajikuta upande wa siafu, awe Mgogo, Mhaya au Mmakonde. Hakuna aliyemuuliza babu yake alitoka wapi. Kwa hiyo sidhani kama washairi wale walikuwa wanasimulia historia, ukawakamata kwa uongo. Walikuwa wanateua wasikilizaji, na aliyeelewa fumbo alikuwa ameshaingia.

Uhuru ulipokuja, fumbo lilikosa kazi. Nyoka ameondoka, na siafu wanataka kuambiwa waelekee wapi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi mwaka 1968 akawaomba wawafikishie wananchi siasa ile ya ujamaa. Mathias Mnyampala, Mgogo wetu wa Dodoma, akaitikia kwa ngonjera: wawili wanabishana kwa beti, mmoja anajua, mwingine hajui, na mwishoni asiyejua anaridhika. Kila mara anaridhika. Kwa ushairi, mimi bado nawapenda siafu zaidi. Ngonjera nyingi zilikuwa hotuba iliyotiwa vina.

Lakini ngonjera nilizighani mwenyewe, kwa hiyo nina deni nazo. Mwaka 1975 nilikuwa darasa la nne, na siku ya wazazi mwalimu alinipa upande wa mbishi. Nilifungwa kaniki kiunoni, nikashikishwa mkongojo, nikachorewa ndevu za masizi. Mada ilikuwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwenzangu alikuwa na beti za maji ya bomba, zahanati na shule. Mimi nilikuwa na beti tatu tu, mwalimu alizitunga mwenyewe, na mstari mmoja sijausahau:

*Makaburi ya wazee, nani atayapalia?*

Niliusema kwa sauti ya kikongwe na watoto wakacheka. Wazazi hawakucheka. Wengi wao walikuwa wamehamishwa mwaka uliotangulia, nasi tukiwamo. Nyumba ya zamani ilibaki na mkwaju wake na makaburi mawili. Kisha mwenzangu akanijibu, nami, kama nilivyofundishwa, nikautupa mkongojo, nikasema nimeelewa, sote tukaimba.

Sijui kama mwalimu alijua alichokiandika. Nadhani alijua. Katika shairi la kuliunga mkono taifa alimwachia mbishi mstari mtamu kuliko yote, na hapo ndipo nilipowaona watu wa kijiji chetu wakijitambua, siyo kwenye bomba la maji.

Babu yako alikuwa amekaa benchi la nyuma, kofia magotini. Njiani hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaketi kwenye kigoda, akaniambia nimghanie tena upande wangu. Nilipofika pale pa kuutupa mkongojo akainua mkono: "Basi, mama. Ishia hapo. Anza tena."

Mama yako