Uliza Fundi: "Nimemwongezea naiti laifu, mbona bado anakufa kizembe?"

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi bado niko na Age of Empires II, lile gemu la vita la zamani, na nyongeza yake ya Conquerors, naicheza kwenye laptop ya bro ambayo gemu za sasa haziwezi. Nataka kuchokonoa empires2_x1_p1.dat, ndo wanasema data za wanajeshi ziko humo, ila nikilifungua kwa programu ya heksi, ile inayoonyesha faili baiti kwa baiti, ni takataka tupu, natafuta Knight (naiti, askari wa farasi) hakuna, Archer hakuna. Mshkaji wangu kasema wameliweka paswedi niachane nalo. Ni kweli?
*Mchokonozi, Temeke*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mshkaji kakudanganya, paswedi hakuna hapo. Ensemble Studios, waliotengeneza gemu, walilibana tu kwa deflate, njia ileile inayotumika ndani ya mafaili ya zipu, ila hawakuweka kichwa kile cha kujitambulisha, ndo maana programu ya kufungua zipu inalikataa. Kwenye Python, ile lugha ya kuandikia programu, ita zlib.decompress, mpe yale mabaiti na namba -15, hiyo alama ya kutoa ndo inamwambia asitafute kichwa. Baiti za mwanzo zikisomeka VER 5.7 basi ushaingia ndani.

Na hata ukiingia, Knight hutamuona. Majina ya kwenye skrini yako kwenye language.dll na wenzake, humu kuna namba tu ya kuyaitia, pamoja na vijina vya ndani vya waliotengeneza, mpiga mishale kwa mfano ni ARCHR. Kwa hiyo achana na majina, tafuta namba ambazo tayari unazijua kwa kucheza. Naiti ana laifu 100 na anaona vigae 4 mbele yake, si ndio? 100 kwa heksi, yaani kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, ni 64, imewekwa kwenye baiti mbili na ile ndogo inatangulia, kwa hiyo 64 00. Ile 4 imeandikwa kama namba ya desimali, baiti nne, 00 00 80 40. Sasa ukitafuta 64 00 peke yake utazipata nyingi mpaka uchoke, lakini hizo mbili zinakaa jirani kabisa, tafuta 64 00 00 00 80 40 kwa mpigo. Ukitaka kuhakikisha shuka chini kidogo, mwendo wake wa 1.35 uko mbele humohumo, CD CC AC 3F.

Weka kopi ya faili pembeni kabla hujagusa chochote, nakujua.

Karudi tena wiki ya pili: Fundi nimempata! Nikaweka 2C 01 iwe 300, nikalibana tena vilevile kwa -15, gemu limefunguka bila shida. Nimecheza na Waingereza, naiti wangu yuko na laifu 100 zilezile na amekufa kizembe kama kawaida.

JIBU: Hahaa, pole. Umebadilisha wa kwanza uliyemkuta, sivyo? Hapo hata mimi nilipoteza wikiendi nzima. Humo ndani kila taifa lina orodha yake kamili ya vikosi, Conquerors ina mataifa 18 na juu yake kuna Gaia, yule mwenye kulungu na mbwa mwitu, na Gaia ndo anatangulia. Yaani umempa laifu 300 naiti wa porini asiyemilikiwa na mtu. Endelea kutafuta mpaka ufike kwa hao Waingereza, au wabadilishe wote.

Ila usiongeze wala kupunguza hata baiti moja, badilisha juu ya ilipo. Faili linasomwa mfululizo toka juu mpaka chini, ukisukuma baiti moja tu kila kilicho nyuma kinasomwa kombo. Siku ukitaka kuongeza kikosi kipya kabisa, tuseme jahazi lako mwenyewe, hapo heksi haitoshi, tumia Advanced Genie Editor, programu ya kuhariri mafaili haya ya dat, waliotutangulia walishauchora mpangilio wote.

SWALI: Mimi nilishabadilisha dat yangu zamani na inafanya kazi, ila tukiunganisha mashine mbili na mdogo wangu, dakika chache tu gemu linasema hatuendi sawa linakatika. Waya nimebadilisha mara mbili.
*Baba Swaumu, Kisauni*

JIBU: Waya hauna kosa kaka. Hili gemu halitumi jeshi kwenye waya, linatuma amri tu, nani kabonyeza nini, halafu kila mashine inapiga vita vizima yenyewe kwa hesabu zake. Kwako naiti kapigwa akabaki na laifu 200, kwa mdogo wako huyohuyo kashakufa, hapo hesabu zinaachana na gemu linakatika. Mpe dogo hiyo dat yako kwenye flashi.