Mkuu weka hiyo chupa ya mafuta ya kupikia CHINI kabla hujaua cherehani ya bibi yako

Nimesoma swali lako la cherehani ya bibi yenye gurudumu zito na mshono unaoruka, mpaka pale uliposema "binamu kaniambia niweke mafuta ya kupikia kidogo ilainike" nikaacha kula. Usiweke. Kama kuna kitu kimoja utabeba kwangu leo ni hicho, cherehani inawekwa mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe kama maji, basi.

Mimi nilirithi ya bibi, kichwa cheusi chuma kitupu na maua ya dhahabu ubavuni, ikawa na tatizo hilohilo lako, gurudumu zito na mshono unaruka. Jamaa mmoja kwenye video, anaongea kwa kujiamini kama ndiye aliyeiunda, akasema mafuta ni mafuta. Nikamimina. Sio matone, NILIMIMINA, mpaka yakachuruzika mezani. Na hapo ndipo shetani alipo maana siku hiyo ikazunguka kama mpya, nikashona mapazia mawili, nikawa najisifu humu ndani eti mafundi wanatuibia tu. Msinicheke, akili nilikuwa nazo ila siku hiyo nilikuwa nimeziazimisha.

Nikaifunika miezi kama mitatu hivi. Kuja kuifunua gurudumu haliendi mbele wala nyuma. Unaijua ile nta ya njano inayoganda pembeni ya kikaango, ile hata ukisugua na steelwire haitoki vizuri? Ndiyo ilikuwa imejaa kila penye chuma kinachosugua chuma. Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye hewa yanaganda yanakuwa gundi, hayabaki mafuta. Sasa mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikachukua plaisi nikalikamata gurudumu nikalilazimisha, nikasikia "ka!" huko chini, ncha ya ile ndoano inayonyakua uzi imekatika. Kipuri cha mashine ya umri ule nilikitafuta mpaka nikachoka, bora ningepoteza simu.

Fundi aliyeifungua (ambaye nilikuwa nimemsema kwamba anaibia watu, ndiyo, huyohuyo) alipaka mafuta ya taa kwa mswaki wa zamani, akaiacha usiku kucha, akafuta, akarudia tena na tena, nje kabisa mbali na moto. Halafu akanionyesha kitu kilichoniuma kuliko hela, tonge la nyuzi na vumbi la kitambaa limebanana chini ya meno yanayosukuma kitambaa, gumu kama kipande cha blanketi. Ndio lilikuwa tatizo TANGU MWANZO. Cherehani ya bibi haikuwa inaumwa, ilikuwa chafu tu, mimi ndio nikaipa sumu.

Kwa hiyo wewe, kama ina mota chomoa umeme kwanza. Fungua kibati cha chini ya sindano, toa bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) na kinyumba chake, safisha kwa brashi, chomoa kila uzi hata ule mdogo unaoona hauna shida. Ndipo uweke tone MOJA kila tundu la mafuta, zungusha kwa mkono taratibu, futa yanayozidi, jaribu kwenye kitambaa chakavu. Ikigoma usilazimishe, wala usiishike hiyo plaisi. Na hayo maua usiyafute kwa spiriti, yangu yalitoka yakabaki majani mawili, lakini hiyo hadithi nyingine sitaki hata kukumbuka.

Uliuliza na mambo ya sindano eeh, hiyo iliyokuja nayo itupe weka mpya, ule mfereji mrefu ulio ubavuni mwa sindano uangalie upande unaoingizia uzi.

Ila nijibu hapa, umeshaweka au bado? Kama umeshaweka usiiguse mpaka utafute mafuta ya taa.