Ekari 5 Iowa, udongo mweusi tii: mkuu, kabla hujalipa katembee shambani siku ya pili baada ya mvua

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Umepata ekari 5 kaunti ya Hamilton, Iowa, muuzaji kakwambia udongo mweusi kote chochote kinaota, na we unataka mahindi meupe, maharage, sukuma na mchicha uwauzie Waswahili wa Des Moines. Mi niko kaunti hiyohiyo mwaka wa sita sasa, nalima ekari 2 za kukodi, ngoja nikupe nilichojifunza kwa hasara.

Muuzaji hajadanganya, ni mweusi kweli. Majani marefu ya nyika yameota hapo maelfu ya miaka, mizizi inashuka chini kuliko urefu wako, inakufa inaozea humohumo, ndo huo weusi. Chini yake ni kifusi kilichoachwa na ile barafu kubwa iliyofika mpaka Des Moines miaka kama 14,000 iliyopita. Barafu haikusawazisha vizuri, so ukipita na gari unaona tambarare kama meza, kumbe ukishuka ukatembea kuna vimwinuko na vibonde kibao, na habari yote iko hapo.

Mi kwetu Usukumani, mtoto wa darasa la pili anajua luseni, udongo wa kichanga, iko juu na mbuga, udongo mzito unaoshika maji, iko chini, hupandi mihogo mbugani wala huchimbi majaruba ya mpunga kwenye luseni. Nimefika Marekani akili hiyo nikaiacha airport, nikaona weusi nikajua nimeula. Halafu cha kuchekesha, hata jina la kitaalamu la huo mpangilio wa udongo kufuata mteremko, katena, alilianzisha Geoffrey Milne miaka ya 1930 akiwa kituo cha Amani kule Usambara, kwa kuangalia udongo wa kwetu sisi!

Huku katena yao iko hivi, na haya ni majina ya aina za udongo: juu ya kimwinuko kuna Clarion, inapitisha maji vizuri. Ubavuni Nicollet. Chini kwenye tambarare Webster na Canisteo, hizo zinashika maji. Katikati ya kibonde Okoboji, nyeusi kuliko zote, na kwa mboga ndo mbaya kuliko zote, mvua ya Juni ikipiga inageuka bwawa bata wanaogelea, ndo maana nakwambia katembee siku ya pili baada ya mvua uone maji yametuama wapi. Toka juu mpaka chini unaweza kuhesabu hatua mia tu.

Iliyonitoa jasho lakini ni Harps, ile inayozunguka ukingo wa kibonde kama pete. Mwaka wa kwanza nikapanda maharage hapo sababu hapakuwa na maji, nikaona pako safi. Wiki ya nne majani yakawa ya njano, mishipa tu ndo imebaki kijani. Nikasema mbolea imepungua, nikamwaga urea, wapi, ikazidi. Siku moja nimechuchumaa napalilia naona vitu vyeupe kwenye udongo, nashika, ni vigamba vya konokono! Vidogo vya zamani, vimejaa. Kumbe ukingo wa bwawa la kale huo, chokaa tupu, nikapeleka udongo kupima pH imegonga 8, na kwenye chokaa namna hiyo maharage yanashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo. Sasa hivi nikienda kuangalia shamba la mtu nabeba kichupa cha siki, namwagia bonge la udongo, likitoa mapovu maharage siweki hapo.

Kitu kingine ambacho muuzaji hatakwambia usipouliza ni mabomba. Chini ya mashamba haya, futi tatu nne hivi, kuna mabomba yenye matundu ya kutoa maji, mengine ya zamani sana ya udongo wa kuchoma. Bila hayo kaunti nzima ingekuwa dimbwi. Uliza yanapita wapi, yanamwaga wapi, na kama kipande kiko kwenye wilaya ya mifereji, yaani eneo lenye mfumo wa pamoja wa kutoa maji, maana kuna tozo yake. Ukipiga 811, namba ya simu ya kuuliza kilichofukiwa chini, kabla ya kuchimba watakuonyesha gesi na umeme, mabomba binafsi ya shamba hawayaonyeshi, na ukilivunja moja jirani wa juu yako ndo anafurika, utajuana naye.

Hiyo alama ya CSR2 uliyopewa, yaani alama ya ubora wa udongo ya Iowa, inaenda 5 mpaka 100, ni ya kulinganisha ardhi kwa mahindi na soya, na inahesabu kama vile mabomba yapo na yanafanya kazi. Kwa bei ya ardhi iangalie, kwa sukuma wiki haikusaidii sana.

Mahindi meupe ya mbegu ya nyumbani sahau. Siku za kiangazi huku ndefu mno, yangu yalirefuka yakanipita mbali, mbelewele ikatoka Septemba, baridi ikayakata mabichi. Tafuta mbegu nyeupe ya hukuhuku, upande udongo ukishafika nyuzi 10 za Selsiasi. Sukuma haina shida, inapenda baridi. Maharage weka juu kwenye Clarion, katikati ya Mei. Mchicha unaota mpaka unakera, ila jirani yangu mzee wa soya aliniangalia kama nimechanganyikiwa, maana gugu linalomtesa yeye ni ndugu yake mchicha kabisa na anatumia hela nyingi kulipulizia dawa. Kwa hiyo ongea na majirani mapema kuhusu hizo dawa, upepo ukileta nyanya zinajikunja.

Ingia Web Soil Survey ya wizara ya kilimo ya Marekani, bure, chora mipaka ya kipande chako, utapata namba za aina za udongo. 138B, iwe na L mbele au isiwe nayo, ni Clarion ya mteremko mdogo, hiyo chukua. 138C2 ni mteremko zaidi na ile 2 mwishoni maana yake mmomonyoko ushakula sehemu ya weusi. 95 ni Harps, 6 ni Okoboji. Zibandike hapa na ekari zake tuone nyeusi ngapi na bwawa ngapi.