Pennell alikuwepo pale pale
Unauliza kama ile michoro ya Pennell ya ujenzi wa Mfereji wa Panama ilikisiwa tu? Hapana. Joseph Pennell, msanii Mmarekani, alikwenda Panama mwaka 1912, mfereji ungali unajengwa. Ndiyo maana kule Gatun, penye vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha meli, unaona kuta za zege tupu hadi chini kabisa, mahali ambapo leo meli zinaelea. Kila chumba kina upana wa mita 33.5 na urefu wa mita 305 hivi, basi watu kwenye litografia zake, yaani michoro yake ya kuchapwa, wamebaki vidoa tu. Hapo namlaumu kidogo: vibarua wengi walitoka Barbados na visiwa jirani, na sura zao huzioni. Ukitaka rangi na moshi wa Culebra, mahali mfereji ulipochimbwa kukata mlima, mtafute mchoraji Jonas Lie, aliyefika 1913.