Honi ya boti iliyopoteza sauti

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba honi ya umeme katika boti yako ya faiba ya mita 7, unayoitumia Mombasa, imeanza kukoroma badala ya kulia. Usikimbilie kununua nyingine. Ichomoe, kisha iunganishe moja kwa moja na betri ya volti 12 kwa nyaya fupi. Ikilia vizuri, kosa liko kwenye swichi, fyuzi au, mara nyingi zaidi, kwenye kiungo cha waya kilichoota ule ukungu wa kijani unaoletwa na chumvi, ambao husuguliwa kwa msasa laini na kupakwa grisi. Ikiendelea kukoroma hata hapo, kiwambo chake cha ndani kimeliwa na kutu, na hicho hakina dawa. Mpya uifunge mdomo ukielekea mbele na kuinama kidogo, ili maji yasituame ndani.

Kuhusu matumizi, mlio mfupi ni wa sekunde moja hivi: mmoja husema ninageuka kulia, miwili kushoto, mitatu injini yangu inarudi nyuma, na mitano au zaidi ya harakaharaka humwambia mwenzako kwamba humwelewi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini haziilazimishi boti ya chini ya mita 12 kuwa na honi kamili, bali kifaa chochote chenye sauti ya kusikika; kwa hiyo weka pia filimbi ya plastiki, kwa kuwa yenyewe haihitaji betri.