Mizani inasema mafuta 19 asubuhi, 24 mchana: tuamini lipi?

SWALI: Assalam aleykum daktari. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hapa Tanga mjini. Mfadhili ametuletea mizani ya kielektroniki inayoonyesha kilo na asilimia ya mafuta, pamoja na vihesabu hatua kumi vya kuvaa kiunoni. Tunataka kuwatambua mapema watoto wanaonenepa kupita kiasi. Sasa mtoto mmoja wa Darasa la Tano alipata mafuta asilimia 19 asubuhi, na 24 baada ya michezo. Binti mwingine wa miaka 10 ana kilo 38 na urefu wa sentimita 137. BMI yake, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 20.2, na chati iliyobandikwa ukutani zahanati inasema yuko sawa, ingawa kwa macho namwona amenenepa. Halafu kuna kijana anayekuja kwa baiskeli kutoka Kange kila siku, na kifaa kinasema yeye ndiye mzembe kuliko wote. Tunakosea wapi?

JIBU: Waaleykum salaam, mwalimu. Hamjakosea sana. Tatizo ni vifaa vyenyewe, vinasema kwa kujiamini kuliko vinavyojua.

Tuanze na mizani. Haioni mafuta hata kidogo. Inapitisha umeme mdogo sana, ambao mtoto hausikii, unaoingilia unyayo mmoja na kutokea wa pili. Misuli imejaa maji na chumvi, kwa hiyo umeme hupita kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, yanauzuia. Mashine hupima kizuizi hicho, ikachanganya na kilo, urefu, umri na jinsia mlivyoingiza, kisha ikakisia mafuta kwa fomula waliyoiweka watengenezaji, ambayo mara nyingi imetokana na miili ya watu wa mbali, tena wazima. Na kwa kuwa umeme unapanda mguu huu na kushukia ule, tumbo na mikono vinabuniwa tu. Mtoto akitoka kwenye chandimu juani, jasho limemwisha na maji hajanywa, upungufu ule wa maji mashine inaweza kuusoma kama mafuta. Nyayo kavu zenye vumbi nazo zinaivuruga. Mwezi wa Ramadhani, kwa watoto wanaofunga, namba hiyo msiiangalie kabisa.

Watafiti wanaotaka ukweli hutumia njia nyingine. Chukulia una sufuria ya maji usiyoijua ukubwa wake. Ukitia kijiko kimoja cha chumvi, ukakoroga na kuonja, ukali wa chumvi utakuambia maji ni kiasi gani. Ndivyo wanavyofanya kwa mtoto: anakunywa maji kidogo yenye deuteri, yaani haidrojeni nzito isiyo na mionzi, wanasubiri saa chache isambae, kisha wanapima mate yake. Wakishajua maji ya mwili mzima wanapata uzito wa misuli, mifupa na viungo, na kinachobaki ni mafuta. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limewasaidia watafiti wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, kuwapima hivyo watoto wa miaka 8 hadi 11. Walichokikuta kinakuhusu moja kwa moja: BMI huwaacha watoto wengi wenye mafuta mengi wapite. Ni chekecheke la matundu makubwa. Anayenaswa, kweli amezidi, ila aliyepita usiape kwamba hana kitu.

Na binti yako hakupaswa kupita. Chati ile ya zahanati ni ya watu wazima, ambao uzito wao unahesabiwa kuzidi kuanzia 25. Mtoto hupimwa kwa umri na jinsia yake, kwa chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 za miaka 5 hadi 19. Kwa msichana wa miaka 10, mstari wa uzito uliozidi, wenye alama +1, uko kwenye 19.0, na wa unene uliopitiliza, +2, uko kwenye 22.6. Kwa hiyo 20.2 yake imezidi, ila haijapitiliza. Jicho lako liliona sawa. Angekuwa na miaka 13, 20.2 hiyo hiyo ingekuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa ichukuliwe kwenye rejista, si kwa kumwuliza mtoto akakujibu "nakaribia kumi na moja".

Urefu nao usiuchezee. Nimewahi kukuta shule wamechora rula ukutani juu ya kizingiti chenye mteremko, na wasichana wanapimwa na vifundo vya nywele utosini. Sentimita tatu za nywele zingeishusha BMI ya binti yako kutoka 20.2 hadi 19.4. Viatu vivuliwe, visigino na makalio viguse ukuta, mtoto atazame mbele, na ubao mdogo ukandamize nywele mpaka uguse fuvu. Anayevaa mtandio apimwe na mwalimu wa kike, faragha. Pima mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, rudia.

Kisha ongeza kipimo cha kiuno. Futi ya fundi cherehani inatosha: izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtoto akishatoa pumzi kawaida. Kiuno kikifika nusu ya urefu, mafuta ya tumbo yanahitaji kufuatiliwa. Kwa binti huyu nusu ni sentimita 68.5. Kuna pia koleo la kubania ngozi nyuma ya mkono wa juu, lakini linataka mikono iliyofundishwa. Kwa shule nisingehangaika nalo.

Tuje kwa kijana wa Kange. Kihesabu hatua cha kiunoni kinahesabu mitikisiko ya nyonga. Juu ya tandiko la baiskeli nyonga imetulia, miguu ndiyo inayofanya kazi. Katika mji huu wa baiskeli, kifaa hicho kitawasingizia wengi. Wanaoogelea Raskazone nao hawataonekana, maana watakivua. Mpe kila mtoto kifaa kwa siku saba, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na umpe kidaftari cha kuandika: baiskeli, kuogelea, kuchota maji, na saa alizokaa madrasa. Mkija kupata vifaa vya kisasa vinavyorekodi mabadiliko ya kasi ya mwendo, vitegeni virekodi kila sekunde 15 au pungufu. Mtoto anayecheza rede hukimbia sekunde nane, akasimama, akakimbia tena. Ukijumlisha kwa dakika nzima, mbio zake zote zinayeyuka na anaonekana anatembea tu.

Lengo la kimataifa ni wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani hadi nzito, yaani kwa uchache mtoto anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mchakamchaka wa asubuhi umo, ila dakika zake ni chache. Kabla ya kifaa chochote, jaribu hivi: wakati wa mapumziko, simama kona moja ya uwanja, na kila baada ya dakika mbili hesabu waliokaa, wanaotembea na wanaokimbia, wavulana mbali na wasichana mbali. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilikuta wasichana wengi wamejipanga kwenye foleni ya mihogo na barafu, na uwanja wote umechukuliwa na mpira wa wavulana. Kutenga nusu ya uwanja kwa rede na kuruka kamba hakukuhitaji mfadhili.

Jambo moja linaniuma, kwa sababu nililifanya mwenyewe nikiwa kijana kazini. Nilikuwa nasoma kilo kwa sauti ili karani aandike. Binti mmoja akasomewa mbele ya wenzake, na kuanzia siku hiyo jina lake likawa Bonge. Andikeni kimya. Wazazi waombwe ridhaa kwanza, na majibu wapewe wao. Msimwekee mtoto chakula cha kukondesha. Anayekua, mara nyingi inatosha uzito usimame huku kimo kikipanda, na soda na juisi za unga zikipungua. Aliye juu ya +2 aonwe kituo cha afya, na aliye chini ya −2 vilevile, maana darasa lenu hilohilo lina watoto waliokonda. Afisa lishe wa halmashauri atakupa chati sahihi za wavulana na wasichana. Rudieni vipimo kila muhula, saa ileile, mizani ileile.

Mizani yenyewe msiitupe, kilo zake zinafaa. Ile sehemu ya asilimia ya mafuta ibandikeni plasta.