Tezi dume na tendo la ndoa: majibu kwa maswali yenu

Barua zilizotufikia kuhusu kukua kwa tezi dume zinauliza, kila moja kwa njia yake, jambo moja: matibabu yataniachia nini kitandani? Nimechagua tano. Ninachozungumzia hapa ni uvimbe usio wa saratani, ule unaowapata wanaume wengi kuanzia miaka 50 na kuendelea.

Nina miaka 61, naishi Jinja. Nimeshauriwa nifanyiwe upasuaji wa tezi dume kupitia njia ya mkojo, lakini wenzangu kijiweni wanasema aliyepitia huko harudi kuwa mwanamume. Ni kweli, daktari?

Mzee wangu, wenzako wamechanganya mambo ambayo ni vizuri tuyatenganishe kabla hujakubali wala kukataa. Hamu ya tendo ni jambo moja, kusimama kwa uume ni la pili, na kutoka kwa shahawa ni la tatu, na upasuaji huu hauyagusi yote matatu kwa kiasi kimoja. Mishipa ya fahamu inayouwezesha uume kusimama hupita nje ya tezi, ubavuni mwake, ilhali daktari hukwangua sehemu ya ndani tu, kama mtu anayekwangua nyama ya papai akaliacha ganda. Kwa sababu hiyo wengi waliokuwa na nguvu kabla ya upasuaji hubaki nazo. Nadhani hofu ya kijiweni imetoka kwenye upasuaji wa saratani, ambao huondoa tezi nzima na ambao kweli unaweza kuidhuru mishipa hiyo.

Kinachobadilika mara nyingi ni shahawa. Wakati wa mshindo, shingo ya kibofu hujifunga ili shahawa zielekee mbele. Upasuaji huipanua shingo hiyo, na kwa wanaume wapatao 65 hadi 75 katika kila 100 shahawa hurudi nyuma kibofuni, kisha hutoka baadaye pamoja na mkojo. Hazina madhara humo, na raha ya kufika kileleni kwa kawaida hubaki, ingawa wako wanaosema imepungua. Lakini ikiwa wewe na mkeo bado mnatazamia mtoto, jambo hili si dogo hata kidogo, maana hali hiyo aghalabu ni ya kudumu. Mgonjwa aliyetia saini fomu ya ridhaa bila kuelezwa habari hii, kwa maoni yangu, hajaridhia kitu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mbale. Nimesikia kuna matibabu ya mvuke na mengine yasiyohitaji kukata. Je, hayo huziacha shahawa salama?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, mwalimu, ila kila njia ina bei yake, na sisemi bei ya fedha tu. Katika tiba ya mvuke, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2015, daktari hupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo, akachoma sindano ndani ya tezi na kuingiza mvuke wa maji kwa takriban sekunde 9 kila anapochoma. Mvuke unapogeuka tena kuwa maji hutoa joto linaloua seli zilizozidi, na mwili huziondoa seli hizo polepole. Usitarajie nafuu siku hiyohiyo: utavaa mpira wa mkojo kwa siku kadhaa, mkojo utawasha na huenda ukawa na damu mwanzoni, na nafuu kamili inaweza kuchukua miezi 3. Njia nyingine, iliyoruhusiwa huko mwaka 2013, hutumia vishikizo vidogo vinavyovuta pande mbili za tezi ili njia ya mkojo ipate nafasi. Hapo hakuna kinachokatwa wala kuunguzwa. Tafiti za njia hizi mbili zimeonyesha kwamba uume huendelea kusimama kama awali. Kwa upande wa shahawa, vishikizo ndivyo vilivyo salama zaidi, na mvuke huzipunguza kwa wanaume wachache tu.

Iko pia njia ya kuziba mishipa ya damu inayolisha tezi kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono, lakini hiyo huhitaji bingwa wa mionzi mwenye ujuzi maalumu.

Bei niliyoitaja ni hii: mkojo haufunguki kwa nguvu ile inayopatikana baada ya kukwanguliwa, na wengine hulazimika kutibiwa tena. Katika tafiti kuu zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka 5, waliohitaji upasuaji mwingine walikuwa kama 4 katika 100 kwa mvuke, na kama 14 katika 100 kwa vishikizo. Tena, njia hizi zilijaribiwa hasa kwa tezi zenye ujazo wa mililita 30 hadi 80. Tezi iliyokua kupita hapo mara nyingi hudai upasuaji wenyewe. Kwa hiyo anza na kipimo cha altrasaundi. Hapa Uganda upasuaji wa kufungua tumbo na ule wa kupitia njia ya mkojo ndio uliozoeleka zaidi, na mimi ningechagua mkono uliozoea njia ya zamani kuliko mashine mpya mikononi mwa anayejifunza. Kabla hujauza kiwanja uende India, uliza kwanza Kampala: kifaa kipo, bingwa ameshatibu wangapi, na gharama yote ni kiasi gani.

Mume wangu ana miaka 58. Tangu aanze vidonge vya aina mbili vya tezi dume, shahawa hazitoki na hamu imeisha. Nahisi ana mwanamke mwingine. Mama wa Arua.

Mama, kabla hujamshuku mwenzako, visome vidonge vyake. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na hiyo yatosha kuzipunguza shahawa au kuzizuia kabisa. Dawa ikibadilishwa au ikiachwa, kwa kawaida zinarudi. Finasteridi na dutasteridi huzuia homoni inayoikuza tezi, na kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu na nguvu. Asiziache ghafla kwa hasira, kwa kuwa mkojo unaweza kuziba. Arudi kwa daktari, na ingefaa muende wote wawili. Daktari anaweza kufikiria tadalafili ya miligramu 5 kila siku, ambayo husaidia mkojo na kusimama kwa pamoja, mradi mume hatumii dawa za moyo za jamii ya naitreti. Apimwe pia sukari na presha, kwa kuwa magonjwa hayo nayo huondoa nguvu za kiume. Akipimwa PSA, yaani kipimo cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, amwambie daktari kwamba anatumia finasteridi, kwa sababu baada ya miezi kama 6 dawa hiyo huishusha PSA hadi karibu nusu.

Magome ya mti yanayouzwa sokoni kwa ajili ya tezi dume yanasaidia?

Ikiwa ni magome ya Prunus africana, mti wa milima yetu, Elgon ikiwemo, dondoo lake limetumika Ulaya kwa miaka mingi, na tafiti za muda mfupi zimeonyesha nafuu ya kiasi katika mkojo. Lakini unga wa sokoni haujulikani kipimo wala kilichochanganywa ndani yake, na dalili zikipungua kidogo unaweza kuchelewa kupimwa saratani.

Nimewekewa mpira baada ya mkojo kuziba. Nikitibiwa, nitarudia tendo la ndoa lini? Bombo.

Baada ya kukwanguliwa, ngoja wiki 4 hadi 6. Baada ya mvuke, subiri mpira utolewe na damu ikome, ambayo kwa wengi ni wiki chache. Baada ya vishikizo, muda huwa mfupi zaidi. Kabla ya yote hayo, muulize daktari kama mpira unaweza kujaribiwa kutolewa baada ya siku chache za tamsulosini, kwa kuwa wako wanaokojoa wenyewe wakijaribu. Ukiisha kutibiwa, ukaona mabonge ya damu au homa, au mkojo ukaziba tena, nenda hospitali usiku huohuo.